Zabibu kavu za boksi: daraja lake linapimwaje? Nimepigwa, nimehesabu, nashusha uzi

Mama Skonzi wa Cheyo

Wakuu, mwangaluka.

Mimi ni mama wa skonzi hapa Tabora mjini, upande wa Cheyo. Mwaka wa sita sasa nakanda usiku, alfajiri skonzi zinaenda kwenye vibanda vya chai. Miaka yote hiyo zabibu kavu nilikuwa nanunua sokoni, za kupimiwa kwa kikombe. Mwezi uliopita nikajitia ukubwa, nikaagiza maboksi mawili kutoka Dar: nusu nioke, nusu nipaki kwenye vifuko niwauzie watu wa pilau na tambi kuelekea Idd. Muuzaji akaniambia kwenye simu, "Mama, hizi ni nyeupe, daraja la kwanza kabisa." Nikatuma hela, mzigo ukapanda basi.

Nafungua boksi la kwanza, ndani kuna mfuko wa nailoni ya bluu, juu zabibu za rangi ya dhahabu zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta. Nikazamisha mkono hadi karibu na kiwiko. Kule chini nikakuta bonge limeshikana kama sukari guru, na mkono ukatoka na vikonyo vimeng'ang'ania katikati ya vidole. Nikampigia simu. Akanijibu, "Mama, zabibu ni zabibu."

Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mimi nimelelewa Urambo, na kwetu hakuna anayethubutu kusema tumbaku ni tumbaku. Jani linapangwa madaraja mpaka mtu mzima anatokwa na machozi mbele ya mteuzi. Sasa iweje kitu cha kutia mdomoni kikose mteuzi wake? Nikaanza kusoma na kuulizia. Kumbe anaye.

Kilichonivunja nguvu kwanza ni kwamba nyeupe na nyeusi mara nyingi ni zabibu ile ile. Waturuki wanaiita Sultana, Wamarekani Thompson Seedless, Wairani na Waafghani Kishmish. Mzabibu ni mmoja, tunda la kijani lisilo na mbegu. Kinachozitenganisha ni namna ya kukausha.

California, kuzunguka Fresno, vichala vinakatwa kuanzia mwishoni mwa Agosti na kutandazwa juu ya karatasi, hapo hapo chini katikati ya mistari ya mizabibu. Vinapigwa jua wiki mbili hadi tatu, katikati ya safari vinageuzwa, mwisho karatasi inaviringishwa na zabibu zake ndani. Tunda linajigeuza rangi lenyewe, kama ndizi iliyomenywa ikasahauliwa. Hakuna rangi iliyotiwa. Hiyo ndiyo nyeusi yetu. Ila mvua ikiwahi wameumia, na mwaka 1976 na 1978 iliwahi, Septemba, mizigo ikiwa bado chini.

Uturuki, upande wa Manisa na Izmir, hawasubiri hivyo. Ganda la zabibu lina utando wa nta, ule weupe unaofutika kwa kidole, na nta hiyo inazuia maji yasitoke. Wanachovya vichala kwenye maji yenye potasa na mafuta ya zeituni kidogo. Nta inalegea, maji yanapata njia, na kwa wiki moja au siku kumi hivi zabibu zimekauka na rangi ya asali. Zamani potasa hiyo ilikuwa maji ya majivu tu, yale yale bibi zetu waliyokuwa wakichuja.

Sasa ile ya dhahabu: inachovywa, halafu inafungiwa na moshi wa salfa (kiberiti upele kwa Kiswahili cha wazee), ndipo inaingia kwenye kaushio la moto. Salfa inazuia tunda lisigeuke rangi. Yaani ile "nyeupe" niliyouziwa kama daraja ilikuwa habari ya moshi. Haikuniambia lolote kuhusu ukubwa, usafi wala unyevu. Na mwenye mtu wa pumu nyumbani ajue kwamba kiwango cha kimataifa cha vyakula, cha Codex, kinaruhusu salfa kwenye zabibu zilizopaushwa hadi miligramu 1,500 kwa kilo. Wapo ambao kifua kinawabana kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Zipo na za kijani. Afghanistan, na kule Turpan nchini China, wananing'iniza vichala ndani ya nyumba za udongo au matofali zenye matundu ukutani. Upepo unapita, jua haligusi. Watu wa Kaliua na Sikonge watanielewa nikisema ni bani (banda la kukaushia) la tumbaku lisilo na moto.

Basi hapo nimefika. Swali langu kwa wadau: boksi likiwa mezani, nitajuaje ni daraja gani bila kumuuliza aliyeniuzia?

Kiazi Kitamu

Uzi bila picha ni uji bila sukari. Weka picha mama.

Mama Skonzi wa Cheyo

Simu yenye kamera nzuri ni ya binti na binti yuko shule. Vumilia.

Forodhani Zamani

Mama, pole sana. Nimekuwa wakala wa forodha Dar miaka mingi kabla sijarudi kulima maembe Ipuli. Zabibu kavu zinaingia nchini kwa namba ya ushuru 0806.20, na makaratasi yake nimeyashika mara nyingi. Ngoja nikusaidie kusoma boksi.

Uzito wa boksi unakudokeza linakotoka. Kilo 10 mara nyingi ni Iran. Kilo 12.5 ni Uturuki au Afrika Kusini, wale wa mto Orange, Upington. Ukiona kilo 13.6, hizo ni ratili 30, ni Marekani. Lako la kilo ngapi?

Boksi la Uturuki lina namba kuanzia 7 hadi 11, na hapo ndipo watu wengi wanaanguka. Wanadhani 11 ni bora kuliko 9 kama alama za mtihani. Ile ni namba ya rangi. Saba ni nyeusi zaidi, kumi na moja ndiyo nyepesi kabisa, na inayotembea sana sokoni ni 9. Ukubwa unaandikwa kando kwa neno lake, na unapimwa kwa kuhesabu punje ndani ya gramu 100: punje zikiwa nyingi, basi ni ndogo. Bidhaa hiyo ina soko lake rasmi pale Izmir tangu 1891, kwa hiyo usidhani ni mambo ya kukadiria kwa macho.

Wamarekani wao wana A, B na C, na uzuri wa madaraja yao ni kwamba mtu yeyote mwenye mizani anaweza kuyarudia nyumbani. Wanahesabu vikonyo vya aina mbili. Kuna kile kijiti kidogo kinachobaki kichwani mwa punje, na kuna kipande cha shina la kichala chenyewe. Vijiti vidogo vinahesabiwa ndani ya gramu 454, yaani ratili moja: A visizidi 15, B 25, C 35. Vipande vya shina vinahesabiwa ndani ya ratili sita, kama kilo 2.7 hivi: A kimoja, B viwili, C vinne. Zilizoganda sukari zinapimwa kwa uzito: A asilimia 5, B 10, C 15. Unyevu kwa zote usizidi asilimia 18.

Ukubwa nao ni chekeche. Kuna tundu la milimita 9.5 hivi na jingine la 8.7. Kubwa ni zile ambazo zinazopenya tundu dogo hazizidi asilimia 60 kwa uzito. Ndogo ni zile ambazo karibu zote zinapenya kubwa, na nyingi zinapenya hata dogo. Ndogo hazina ubaya wowote, mama. Wewe wa skonzi ndizo zinazokufaa, maana kilo ile ile inakupa punje nyingi na kila skonzi inapata zake. Kubwa waachie wanaotafuna mkononi.

Kitu kimoja uelewe: madaraja ya Marekani si sheria kwa boksi la Iran. Lakini kipimo ni kipimo.

Mama Skonzi wa Cheyo

Ni kilo 10. Iran basi. Asante sana kaka, jioni nikimaliza kukanda nahesabu.

Mgogo Asiyekunywa

Mbukwenyi. Watani zangu Wanyamwezi mnaagiza zabibu za Iran wakati treni yenu inapita Dodoma na zabibu zinaingizwa dirishani?

Kiazi Kitamu

@Mgogo Asiyekunywa hizo za dirishani zinafika Tabora zimekuwa juisi ndani ya mfuko. Kausheni basi tuwanunulie.

Mgogo Asiyekunywa

Nimeshajaribu, na nitakueleza kwa nini siuzi.

Nina ekari moja na nusu upande wa Mpunguzi. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo hao wa California hawana. Mavuno ya Februari na Machi yanaangukia kwenye mvua. Ya Agosti na Septemba ni makavu, jua la kutosha na upepo wa kutosha. Nikasema hizi za Agosti ndizo za kukausha. Nikatengeneza kaushio la jua la mbao na nailoni, nikaweka trei za wavu.

Kwanza, aina. Zabibu nyingi za kwetu ni za mvinyo. Ile nyekundu ya Makutupora ni tamu, inakamuliwa vizuri, ila ina mbegu, na ikikauka mbegu haipungui. Ganda na nyama vinasinyaa, mbegu inabaki vile vile. Mke wangu alitafuna moja akaitema, akasema ni kama kutafuna pilipili manga. Mtu wa skonzi akimpa mteja kitu hicho, kesho yake mteja hamwoni.

Pili, hesabu ya sukari. Hapa wengi hawapigi. Zabibu kavu ina maji kama asilimia 15, iliyobaki 85 ni kitu kikavu, kikubwa kikiwa sukari. Chukua kilo 100 za zabibu mbichi zenye vitu vikavu asilimia 22: una kilo 22 za kitu chenyewe. Gawanya kwa 0.85, unapata karibu kilo 26 za zabibu kavu. Ndiyo maana wanasema kilo nne za mbichi zinatoa moja. Sasa mimi nilikata mapema kwa kuogopa ndege, zikiwa na asilimia 16. Gawanya: kilo 19 hata hazifiki. Kilo saba nzima zimepotea, na zilizotoka ni nyembamba, chachu, zimekunjamana kama sikio la mzee. Zabibu inayokuzwa kwa kukaushwa inaachwa mtini mpaka sukari ipande, kisha inakatwa. Huwezi kuiongezea utamu kwenye trei.

Tatu, nilizozikausha Machi zilioza. Ukungu wa kijivu siku ya nne. Sina la kuongeza hapo.

Wapo wenzangu Dodoma wanaokausha na kuuza kwenye vifuko, nawapa heshima zao. Lakini kufika kwenye boksi la kilo 10 lenye punje zinazofanana juu mpaka chini, kunahitaji mzabibu usio na mbegu.

Bint Ujiji

Asalaam alaykum wote. Bi mkubwa mwenye uzi, hujagusa mchanga.

Sisi wa Kigoma tunajua habari ya kukaushia chini. Dagaa wa kwenye chanja na dagaa wa kwenye mchanga wana bei mbili, na mpishi anawajua kwa jino kabla hajaangalia. Ukisema zabibu zinatandazwa chini kwenye karatasi, mimi nawaza upepo. Bibi yangu alikuwa hatii zabibu kwenye biriani mpaka azioshe kwa maji ya uvuguvugu kwenye bakuli jeupe. Akishamaliza anamwaga maji taratibu, anainamisha bakuli kwenye mwanga, anaangalia kilichobaki chini. Kikibaki kitu kinachokwaruza kwenye kidole, zile anazirudisha dukani zikiwa bado zimelowa. Mwenye duka alikuwa anamwogopa.

Forodhani Zamani

@Bint Ujiji bibi alikuwa maabara kamili. Hicho ndicho wanachofanya kiwandani, ila kwa mashine.

Zabibu zikitoka shamba zinakaa kwanza kwenye makasha makubwa ili unyevu usambae sawa, iliyokauka mno inywe kutoka kwa iliyobaki na maji. Kisha zinatikiswa kwenye machekeche, mchanga na mawe yanaanguka. Vipande vya shina vinavunjwa. Vile vijiti vya kichwani vinaondolewa kwa kusuguliwa ndani ya koni yenye ukuta wa kukwaruza. Feni inanyonya vyepesi, kama kupepeta kwa ungo. Zinaoshwa kwa maji. Halafu jicho la leza linaangalia punje moja moja na pumzi ya hewa inairusha nje isiyofaa. Mwisho kuna kitambua chuma, na bado wanawekwa akina mama kwenye mkanda kuokota kwa mikono. Wengine wanamalizia kwa kupaka mafuta ya mimea, kiasi kidogo sana, ili punje zisishikane. Ndiyo mng'ao uliouona, mama.

Kwa hiyo boksi likitoka kiwanda kinachojiheshimu, la juu na la chini ni ndugu. Zimechanganywa kabla ya kupakiwa. Bonge lako la chini linanitia shaka.

Mwana wa Mteuzi

Nilikuwa nasoma kimya kimya ila sasa lazima niseme.

Marehemu baba alikuwa mteuzi wa tumbaku, nimekulia kwenye vyama vya msingi nikimsubiri chini ya mwembe. Kitu alichokichukia kuliko jani bovu ni jani bovu lililofichwa. Robota (mzigo wa tumbaku uliofungwa) likija lote ni hafifu, analipa daraja lake hafifu, mkulima ananung'unika, maisha yanaendelea. Likija juu majani ya rangi ya chungwa safi na katikati takataka, hapigi wastani. Analikataa lote. Alikuwa anasema akipiga wastani, kesho vijiji vyote vitajaza takataka katikati.

Kwa hiyo mama, usichote sampuli juu. Mnunuzi wa mahindi ana bambo lake analichoma kwenye gunia ubavuni, chini, katikati. Boksi halichomwi bambo, lakini unaweza kuliinamisha juu ya turubai safi ukachota sehemu tatu tofauti. Pima kila sehemu peke yake. Usizichanganye kabla ya kuhesabu! Ukichanganya, umemsaidia aliyeficha.

Jingine la haraka wakati mizani iko mbali: chukua konzi moja, bana kwa nguvu, fungua kiganja. Zikibaki donge, zina maji mengi au zimegandana. Zikiachana taratibu zenyewe, ziko sawa. Zikigonga kama kokoto, zimekauka kupita kiasi, ni za zamani. Baba alikuwa anabana jani la tumbaku hivyo hivyo kabla ya kusema neno.

Kiazi Kitamu

Yote haya kwa zabibu? Mimi sokoni namwambia mama "nitilie za mia tano" maisha yanasonga.

Mama Skonzi wa Cheyo

@Kiazi Kitamu za mia tano hata zikiwa na maji hutajua. Piga hesabu ya boksi. Kilo 10 zenye unyevu wa asilimia 18 zina kilo 8.2 za zabibu yenyewe. Zingekuwa na asilimia 15, kilo 8.2 hizo hizo zingepimwa kama 9.65. Gramu 350 ni maji, na yako ndani ya kiwango, halali kabisa! Sasa fikiria aliyenyunyizia maji ghalani ili mizani ipande.

Haya, nimehesabu. Binti karudi, tumetandika turubai ukumbini, sinia tatu, mizani ya unga. Gramu 454 kila sinia. Yeye anaokota vijiti na kibanio cha nyusi, mimi naandika.

Sinia la juu: vijiti 9, zabibu zilizoganda sukari hakuna.

Sinia la katikati: vijiti 22, zilizoganda gramu 15.

Sinia la chini: vijiti 48, zilizoganda gramu 120, na kijiwe kimoja ukubwa wa punje ya mtama. Binti alinyamaza alipofika vijiti 30, halafu akaanza kucheka.

Mnaona mchezo? Wastani wa vijiti ni 26, ningesema basi ni C nzuri nzuri, imekosa B kwa kijiti kimoja. Zilizoganda kwa wastani hazifiki asilimia 10, hiyo ni B kabisa. Lakini la juu peke yake ni A, na la chini lina sukari ya zaidi ya robo, halina daraja popote. Mwana wa Mteuzi, baba yako Mungu amrehemu.

Swali dogo kabla sijalala: huu weupe kwenye zile za chini, nitajuaje ni sukari na si ukungu?

Mwana wa Mteuzi

Ndugu zangu, mko Tabora mnauliza habari ya kitu tamu kuganda? Angalia asali kabatini kwako. Ni jambo lile lile, sukari iliyomo inajitenga na kuwa chembe, hasa ikikaa muda mrefu. Weka punje kwenye ulimi: chembe zinasagika kisha zinayeyuka. Au tia kwenye maji ya moto, weupe unaondoka. Ukungu una manyoya, unanuka stoo, na haumaliziki kwa maji. Ukinusa harufu ya chachu kama ya pombe, hiyo nayo tupa.

Bint Ujiji

Zilizoganda tu hazina dhambi, bi mkubwa. Ziloweke kwenye maji ya moto zilainike, zitie kwenye tambi. Na hata zile nzuri, za keki ziloweke kidogo kisha uzikaushe kwa kitambaa, la sivyo zinakunywa maji ya donge lako na skonzi inatoka kavu.

Forodhani Zamani

Mama, swali moja. Angalia utepe wa gundi uliofungia boksi lile. Tabaka moja au mbili?

Mama Skonzi wa Cheyo

Kaka.

Nimekwenda jikoni na tochi. Boksi la kwanza chini yake kuna utepe wa kahawia, na juu ya huo kuna mwingine angavu, umepinda kidogo pembeni. Nikaubandua wa juu taratibu. Ule wa kahawia umekatwa kwa kisu katikati, mkato ulionyooka. Boksi limefunguliwa kwa chini, likajazwa, likafungwa, ndipo mimi nikalifungua kwa juu nikakuta dhahabu.

Boksi la pili lina utepe mmoja, wa kahawia, mzima.

Mgogo Asiyekunywa

Eeh. Hapo kiwanda hakina kesi.

Forodhani Zamani

Nilijua. Masalio ya maboksi ya msimu uliopita, yaliyokaa ghala lenye joto mpaka yakaganda, yanarudishwa chini ya boksi jipya. Huwezi kusema ni nani, maana kati ya bandari na basi lako kuna mikono mingi. Ila picha ya tepe mbili hizo mtumie uliyemlipa. Usibishane naye habari ya daraja. Mwonyeshe mkato.

Na kabla hujapaki kwenye vifuko vyenye jina lako, kumbuka TBS, Shirika la Viwango. Mambo ya usalama wa chakula yako kwao tangu 2019.

Mtu wa Isevya

Mama Skonzi, mimi nataka kilo mbili za boksi la pili. Naomba pia ushauri wa kutunza, zangu huwa zinaota wadudu kabla ya Idd.

Mama Skonzi wa Cheyo

@Mtu wa Isevya ni yule nondo mdogo anayeacha utando kama wa buibui, au kile kijidudu chembamba cha kahawia. Wote wanapenda joto, na Oktoba yetu mnaijua. Mimi nikishafungua, natia kwenye vyombo vyenye mfuniko unaokaza, vinalala friza siku nne tano, halafu naweka mahali pa baridi. Usiweke karibu na sabuni wala mafuta ya taa, zabibu zinanyonya harufu. Niliwahi kuoka keki ya sabuni ya mche, mteja alikuwa mstaarabu akala kipande kizima.

Boksi la pili nimelihesabu jana usiku, sinia tatu tena: 7, 8, 6. Sukari iliyoganda hakuna. Mawe hakuna. Konzi nimebana, zimeachana. Kwa chekeche sina tundu la milimita 9.5, nimetumia la kuchekechea karanga, nyingi zimepita, kwa hiyo ni ndogo. Za skonzi hasa.

Muuzaji nimemtumia picha ya tepe na ya sinia tatu zimepangwa. Tiki mbili za bluu tangu saa tatu asubuhi, jibu hakuna. Saa kumi akapiga, akaongea habari za mvua, za Dar kuna foleni, mwisho akasema atanitumia kilo tano na basi la Alhamisi. Nimemwambia azitume, na nitazihesabu mbele ya konda.

Wa Isevya, njoo na chombo chako kesho baada ya Adhuhuri. Kilo mbili zako nimeziweka pembeni, za sinia la katikati la boksi la pili.

Kiazi Kitamu

Picha sasa.

Mama Skonzi wa Cheyo

Binti kaichukua simu tena.